Kiowevu kinachokuwa kigumu kikigongwa, na faida yake kwa wanaboda boda

Konflawa, ule unga mweupe laini wa kukolezea supu, hupatikana katika maduka mengi ya Thika na Ruiru. Vikombe viwili vyake vikichanganywa na kikombe kimoja cha maji, hutokea uji wenye tabia ngeni. Kidole kikiingizwa polepole kinazama. Ngumi ikipigwa juu yake, inakwama kana kwamba imegonga ubao. Sekunde chache baadaye uji unatiririka tena.

Jaribio hili linafaa kufanywa na watoto nyumbani. Baada ya kumaliza, mchanganyiko utupwe kwenye pipa la taka, kwani ukimwagwa kwenye sinki hutuama na kuziba bomba.

Kwa nini hugeuka

Ndani ya uji huo chembe za wanga zimesongamana, zikitenganishwa na maji kidogo tu. Zikisukumwa taratibu, maji huziwezesha kuteleza na kupishana. Zikigongwa ghafla, maji hayapati muda wa kupita, chembe zinakwaruzana na kukwamana kama umati unaokimbilia mlango mmoja. Nguvu ikiisha, zinaachana.

Kutoka bakuli hadi jaketi

Mapema miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware na maabara ya jeshi la Marekani walilowesha kitambaa cha Kevlar kwa kiowevu cha aina hii, kilichotengenezwa kwa chembechembe za silika. Kitambaa kilibaki chepesi na chenye kukunjika, lakini kikawa kigumu zaidi kutobolewa.

Nchini Uingereza, kampuni ya D3O, iliyoanzishwa mwaka 1999, hutengeneza kinga laini zenye tabia kama hiyo. Kinga hizo hushonewa ndani ya jaketi na suruali za waendesha pikipiki, sehemu za mabega, viwiko, magoti na mgongo. Mtu akiketi au kujipinda, hazimsumbui. Akianguka, hukakamaa papo hapo na kusambaza nguvu ya pigo ili isiishie kwenye mfupa mmoja.

Hili si jambo geni kwa wakazi wanaotegemea boda boda kila siku kutoka Makongeni, Kiganjo au Kimbo. Goti au kiwiko kikivunjika, riziki ya familia husimama kwa miezi.

Barabarani

Wahandisi wameupeleka ujuzi huu hata kwenye matuta. Nchini Hispania, kampuni ya Badennova imeunda tuta lililojazwa kiowevu hiki. Gari likipita polepole, tuta hubonyea. Likija kwa kasi, hukakamaa. Mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walibuni mifuko ya kiowevu hicho ya kuziba mashimo ya barabara kwa muda.

Helmeti kwanza

Kinga hizi haziwezi kuchukua nafasi ya helmeti. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga.

Tena kuna tofauti moja muhimu. Uji wa konflawa hurudi katika hali yake baada ya kugongwa, helmeti hairudi. Ndani yake mna povu gumu linalopondeka ili kumeza nguvu ya pigo, na likishapondeka halitamkinga mtu mara ya pili.

Kwa hivyo wakazi wanashauriwa:

- Helmeti iliyopata ajali ibadilishwe, hata kama haina ufa kwa nje.
- Helmeti mpya ikaguliwe alama ya ubora ya KEBS, na mkanda ufungwe kila safari, hata ya karibu.
- Anayenunua kinga za viungo atafute alama ya EN 1621-1, na kwa mgongo EN 1621-2.
- Abiria aitishe helmeti kabla ya kupanda.