Malengelenge kwa mtoto: si kila mara ameunguzwa

Wapo watoto ambao kila wakisuguliwa kidogo hutoka malengelenge: kiatu kipya, mshono wa nguo, hata kutambaa sakafuni. Jirani mmoja husema kaunguzwa, mwingine husema karogwa, na mama huandamwa kwa jambo ambalo hakulitenda. Tuangalie chanzo.

Kiunzi ndani ya seli

Mwili umejengwa kwa seli, ambazo ni ndogo mno hazionekani kwa macho. Ndani ya kila seli ya ngozi mna kiunzi cha nyuzi za protini, mfano wa fito ndani ya ukuta wa udongo. Nyuzi hizo huitwa keratini. Jamii hiyo hiyo ya protini hujenga nywele na kucha. Hufika ukingoni mwa seli na kushikwa na vifungo vinavyoiunganisha na seli jirani. Hivyo ngozi ni kama mkeka: ukiuvuta, nguvu hugawanyika katika miyaa mingi, usikatike mmoja.

Pahala panaposuguliwa mara kwa mara, ngozi hujiongezea unene. Ndiyo sugu ya kiganja cha mkulima, na ndiyo alama ya sijda kwenye paji la uso. Hiyo ni kinga.

Kiunzi kikiwa dhaifu

Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, akiwemo Elaine Fuchs wa Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha kuwa hitilafu katika jeni ya keratini namba 14 husababisha ugonjwa huu. Hitilafu ya namba 5 huleta maradhi yale yale. Keratini hizi mbili ndizo zinazozipa nguvu seli za chini za tabaka la juu la ngozi. Zikiwa dhaifu, seli hupasuka kwa msuguano mdogo, maji yakajaa.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mara nyingi hurithiwa kwa baba au mama, lakini mtoto huweza kuupata hata kama wazazi hawana.

Ushauri

Mpeleke mtoto hospitali achunguzwe, kwani malengelenge yana sababu nyingi, na aina nyingine za ugonjwa huu ni kali zaidi. Hakuna dawa ya kuiondoa hitilafu hii, ila matunzo husaidia sana:

- Mvike nguo laini za pamba na viatu vipana. Joto huzidisha malengelenge, basi akae penye ubaridi.
- Usimnyanyue kwa kumshika makwapani. Mpakate kwa kumshika makalio na kichwa.
- Akioga au kutawadha, maji yapite bila kusugua. Mkaushe kwa kugandamiza taulo taratibu.
- Usimbandike plasta inayonata.
- Omba ufundishwe hospitali kutoboa lengelenge kwa sindano safi isiyotumika, bila kubandua ngozi ya juu.

Ukiona usaha, homa, au mtoto mchanga anakataa kunyonya, usingoje kesho.

Na wewe jirani, kabla ya kumtuhumu mama, msaidie nauli ya hospitali.