Fahamu: Mawe Yanavyohifadhi Habari za Bahari Iliyokolea Chumvi
Mwaka 1970, merikebu ya utafiti Glomar Challenger ilipokuwa ikitoboa sakafu ya Bahari ya Mediterania, wanazuoni waliokuwamo walipata kilindini jasi na chumvi ya mawe, vitu ambavyo, kwa kuwa havifanyiki ila maji yapungukiwapo mno, viliwalazimu kukiri kwamba bahari ile, takriban miaka milioni 6 iliyopita, ilifikwa na masaibu makubwa. Ardhi iliinuka karibu na Jabal Tariq, njia ya maji ya Atlantiki ikazibana, na jua likavuta mvuke kuliko mito ilivyoweza kufidia.

Ajabu ya mawe haya ni taratibu yake, ambayo kila mvuna chumvi wa mwambao wetu ataitambua: maji yakipungua kiasi cha nusu, kwanza hutuama kabonati, iliyo asili ya mawe ya chokaa, yakibaki kama sehemu moja katika tano, hufuata jasi, na yakisalia sehemu moja tu katika kumi, ndipo hujitenga chumvi tuitiayo mchuzini, kisha zile chungu za magnesi na potasi. Basi asomaye matabaka tangu chini hata juu huiona bahari ikikolea daraja baada ya daraja, na matumbawe, yasiyostahimili ukali huo, hayaonekani tena.

Wanazuoni wangali wakijadiliana iwapo bahari ilikauka karibu yote, au chumvi ilituama chini ya maji mengi mazito. Lakini wanaafikiana kwamba miaka milioni 5.33 iliyopita Atlantiki ilirejea.