Pingamizi dhidi ya mageuko: Makala tuyapime vipi?

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, alinitembelea hapa Turbo majuzi akiwa na makala aliyoyaandikia kamusi elezo ya Kiswahili. Mada: pingamizi dhidi ya nadharia ya mageuko. "Prof, nipe alama," akasema. Niliyasoma harakaharaka nikayapa nane kwa kumi. Tarehe zilikuwa sawa, sarufi safi.

Kisha kaka yangu mkubwa, mzee wa kanisa, akayachukua mezani. Alisoma polepole hadi chai ikapoa. "Profesa," akaniambia, "mimi haya mambo nimeyapinga tangu ujanani. Lakini huyu anayepinga humu ndani, simjui."

Ikabidi niyasome upya, safari hii kalamu mkononi.

Tazama vitenzi kwanza. Wanasayansi katika makala yale "wamethibitisha" na "wamebainisha". Wapinzani je? "Wanadai", "wanang'ang'ania", "hawataki kukubali". Mimi mwenyewe sina shaka kwamba viumbe vimegeuka. Ushahidi ni mwingi mno. Lakini kamusi elezo haishindi mjadala kwa vitenzi. Andika "wanasema", kisha ulete ushahidi wako.

Halafu kuna neno nadharia. Mtaani, nadharia ni kinyume cha vitendo, ati mambo ya vitabuni tu. Katika sayansi ni maelezo yanayosimama juu ya ushahidi uliopimwa tena na tena. Mnamo 2006 Askofu Boniface Adoyo alipinga jinsi Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yalivyokusudia kuonyesha masalia ya zamadamu, miongoni mwayo Mvulana wa Turkana, ambaye Kamoya Kimeu aliyaona mabaki yake ya kwanza Nariokotome mwaka 1984. Mifupa hiyo ina umri wa takriban miaka milioni 1.5. Lalama moja ilikuwa kwamba nadharia inatolewa kama ukweli. Richard Leakey naye akaja juu. Kwa maoni yangu, pande hizo mbili zilitumia neno moja kwa maana mbili. Makala yaliutaja mzozo huo, neno lenyewe yakaliruka! Wala hayakusema kwamba si waumini wote wanaopinga: mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka kuwa mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Kosa lililoniudhi zaidi ni nyani. "Mtu alitokana na nyani," aliandika, kana kwamba ndiyo sayansi yenyewe. Nyani ni yule anayetuibia mahindi shambani. Sayansi inasema sisi na sokwe tuna babu mmoja wa kale, na babu huyo hakuwa sokwe wa leo. Anayekataa kuwa mjukuu wa nyani anakataa jambo ambalo Darwin hakulisema.

Palikuwa pia na pengo. Makala yalimfanya kila mpinzani kuwa mtu wa dini. Lakini baada ya kitabu cha Darwin kutoka mwaka 1859, mwanafizikia mashuhuri, Lord Kelvin, alikokotoa kwamba dunia haina umri wa kutosha kwa mageuko ya polepole. Lilikuwa pingamizi zito, tena la hesabu. Alikosea, kwani leo tunajua dunia ina miaka bilioni 4.5 hivi.

Nikashusha alama hadi tano. Kijana alinuna kidogo, kisha akauliza kama atumie "binadamu" au "mtu". Swali zuri hilo, maana binadamu ni mwana wa Adamu. Hata katika zamadamu, neno tunalowaitia wenye nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6, mimi namsikia Adamu yuyo huyo. Nilimwambia atumie "mtu" anapoeleza sayansi.

Ameahidi kurudi na nakala mpya. Kaka amesema ataisoma yeye kwanza.