Taa za mtoto mchungaji zilivyowazuia simba Kitengela

Upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, nchini Kenya, uliachwa bila uzio ili wanyama wapate njia. Pundamilia hutoka kutafuta malisho, simba huwafuata, na usiku hukuta ng'ombe zizini. Ng'ombe akiuawa, morani nao humsaka simba.

Richard Turere, mtoto wa Kimaasai wa Kitengela, alikabidhiwa mifugo ya baba yake. Kwanza aliwasha moto. Ukawasaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu mfano wa mtu. Usiku wa kwanza simba walirudi, wa pili wakang'amua kwamba haisogei. Lakini alipozunguka na tochi hawakuja. Akatambua kuwa kinachowatisha ni mwanga unaotembea.

Akiwa na umri wa miaka 11, alikusanya betri kuukuu ya gari, balbu za tochi mbovu, swichi, na kile kisanduku kinachozifanya taa za kona za pikipiki ziwake na kuzimika. Mchana betri hupata nguvu za jua; usiku balbu zilizoelekezwa nje huwaka kwa zamu, na simba hudhani pana mtu anayetembea. Umeme alijifunza kwa kufungua vyombo vya nyumbani, pamoja na redio mpya ya mama yake, kosa ambalo sisi watangazaji tunalisamehe shingo upande.

Alipoueleza uvumbuzi wake California mwaka 2013, alikuwa amekwisha kuwafungia majirani taa hizo katika nyumba saba.