Mabadiliko ya Miundo ya Vipindi vya Michezo Redioni: Mfano wa Goma

1. Utangulizi

Utangazaji wa michezo ni uwanja unaofaa sana kwa mtafiti wa Kiswahili. Mtangazaji husema kwa kasi, bila maandishi, mbele ya wasikilizaji wanaoijua kandanda kama aijuavyo yeye. Makala haya yanaeleza jinsi miundo ya vipindi hivyo ilivyobadilika mjini Goma, Kivu ya Kaskazini, na athari zake kwa lugha.

2. Kutoka sauti moja hadi sauti nyingi

Zaire iliposhiriki Kombe la Dunia mwaka 1974, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufanya hivyo, redio nchini ilikuwa chombo cha dola kilichoongozwa kutoka Kinshasa. Mlango ulianza kufunguka baada ya hotuba ya Mobutu ya 24 Aprili 1990 kuhusu vyama vingi, kisha kwa Sheria Na. 96-002 ya 22 Juni 1996 kuhusu uhuru wa vyombo vya habari. Tarehe 25 Februari 2002, wiki chache baada ya volkano ya Nyiragongo kuiunguza sehemu ya Goma, ilianzishwa Radio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Pamoja nayo vilistawi vituo vya binafsi na vya jamii.

3. Miundo mitatu na sarufi zake

Vipindi vya michezo vinaweza kugawanywa katika miundo mitatu.

(a) Utangazaji wa moja kwa moja. Hapa mtangazaji ndiye jicho la msikilizaji. Vitenzi hufuatana kwa wakati uliopo: "anauchukua, anampa mwenzake, apiga, kipa adaka!" Kiambishi -na- hubeba tendo linaloendelea, na -a- hubeba tendo la ghafla.

(b) Taarifa ya michezo. Husomwa kutoka kwenye maandishi. Hutawaliwa na -li- na -me-, na lugha yake hukaribia Kiswahili sanifu.

(c) Mjadala. Kuenea kwa simu za mkononi kumemwezesha msikilizaji kuingia hewani. Hapa hutawala masharti na lawama: "kocha angemwingiza mapema, tusingefungwa".

Muundo wa tatu umepata nguvu kwa sababu mbili. Kwanza, televisheni za setilaiti zimewaonyesha watu ligi za Ulaya, na aliyekwisha kuona bao hahitaji kusimuliwa. Anahitaji mtu wa kubishana naye. Pili, mjadala ni nafuu kwa kituo: hauhitaji safari wala mitambo ya uwanjani.

4. Kiswahili kipi?

Mabadiliko hayo ya muundo ni mabadiliko ya lugha pia. Msikilizaji anayepiga simu hasomi maandishi. Huja na Kiswahili cha Kivu. Husema "batu banacheza" badala ya "watu wanacheza", "minaona" badala ya "ninaona", na kwa jambo la mazoea "anachezaka". Istilahi kama *arbitre* na *gardien* hukaa kando ya "mwamuzi" na "kipa". Si sahihi kuyaita haya makosa, kwa kuwa yana kanuni zake. Aidha, mtangazaji anayemjibu mpigaji simu kwa sanifu tupu huweza kuonekana mgeni katika mji wake.

5. Hitimisho

Kuna hasara, hata hivyo, ambayo haifai kupuuzwa. Mechi za Ulaya zina picha na kumbukumbu. Mechi za timu za Goma, kama DC Virunga, hazina hazina ya namna hiyo. Mara nyingi maneno ya mtangazaji ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Kituo kinachoacha kutangaza uwanjani ili kujadili Ulaya hupunguza gharama, lakini hupoteza historia ya mji na ufundi wa kusimulia kwa Kiswahili.

Upotevu huo huharakishwa na vita. Goma ilipotekwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, vituo kadhaa vya redio mkoani vilikuwa vimeporwa au kunyamazishwa, na tarehe 6 Februari Uwanja wa Umoja, *Stade de l'Unité*, ukawa mahali pa mkutano wa kisiasa. Kwa hiyo kurekodi na kuhifadhi sauti hizi ni wajibu wa idara za lugha. Sarufi ya mpira husemwa mara moja tu. Isiporekodiwa, hakuna atakayeichunguza.