Nguruwe Mgeni Aliyemponza Mbweha



Sisi wa mashamba ya miwa huku Busoga tunamjua nguruwe mwitu. Kundi likiingia usiku mmoja tu, asubuhi unakuta miwa imelala kana kwamba trekta limepita. Lakini nguruwe wetu ni mwenyeji. Yeye na chui walikuwa porini humu kabla muwa wa kwanza haujapandwa. Leo nawaeleza habari za nguruwe mgeni, katika kisiwa cha Santa Cruz, pwani ya California, nchini Marekani.

Wafugaji waliwapeleka nguruwe huko katika karne ya 19. Baadhi wakatoroka, wakazaana porini. Wakafukua mizizi, wakala mbegu za mialoni, wakachimba udongo mpaka mvua ikauchukua, na mimea isiyopatikana penginepo duniani ikawa karibu kwisha. Hata mabaki ya vijiji vya kale vya Wachumash, wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, yalivurugwa.

Hasara hiyo ilionekana kwa macho. Nyingine ilianzia kiwandani. Kwa miaka mingi kiwanda cha dawa ya DDT karibu na Los Angeles kilimwaga taka zilizofika baharini. Samaki wakaingiwa na sumu, na tai mwenye kichwa cheupe, anayefanana na yule mla samaki wa Ziwa Viktoria kwetu, akawala samaki hao. Maganda ya mayai yake yakawa membamba, yakavunjika kabla ya kuanguliwa. Tai hao wakatoweka visiwani. (Ndugu mnaopuliza dawa mashambani, someni hapo mara mbili.)

Tai huyo alikuwa akifukuza tai wengine katika eneo lake. Alipokosekana, katika miaka ya 1990 akahamia tai wa dhahabu kutoka bara, ambaye chakula chake ni wanyama. Alikuta vitoto vya nguruwe tele, akajenga kiota. Kisha akaanza kumla mbweha wa kisiwani, mnyama mdogo kama paka, asiyezoea adui wa angani. Mwaka 1994 mbweha walikadiriwa kufikia 1,500 hivi. Miaka michache baadaye hawakufika 100.

Mtu angesema: basi ueni nguruwe upesi. Lakini nguruwe wangeisha huku tai wa dhahabu bado wapo, njaa yao yote ingemwangukia mbweha. Kwa hiyo tai walikamatwa wakiwa hai, zaidi ya 40, wakarudishwa bara. Mbweha wakazalishwa katika vizimba. Tai wa kichwa cheupe wakaanza kurudishwa mwaka 2002.

Uwindaji ulianza mwaka 2005, kwa wawindaji kutoka New Zealand. Kwanza kisiwa kiligawanywa kwa ua wa waya katika sehemu 5, ili nguruwe wasirudi pale palipokwisha safishwa. Ikatangulia mitego yenye chambo, ikafuata helikopta, kisha mbwa wa kunusa. Kwa wale wachache waliobaki mafichoni, nguruwe kadhaa walivishwa mikanda ya shingoni yenye redio wakaachiwa. Nguruwe hapendi upweke. Huwatafuta wenzake, na redio inaonyesha alipowakuta.

Sheria yao kubwa ilikuwa hii: usilipige kundi usiloweza kulimaliza, maana anayeponyoka amekwisha fundishwa, na hutampata tena kwa njia ile ile. Wawindaji wetu wa wavu, ambao hushangilia wawili na kuacha sita wakimbie, wangestaajabu.

Katika muda wa mwaka mmoja na kidogo waliuawa nguruwe 5,036. Wapo waliokwenda mahakamani kupinga, lakini hawakufaulu. Mimi siwalaumu, kwani kuua wanyama wengi namna hiyo si jambo la kupigia vigelegele, wala nguruwe hao hawakuomba kupelekwa kule.

Mwaka 2006 tai wa kichwa cheupe alitotoa kifaranga kisiwani humo kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 50. Mwaka 2016 mbweha wa Santa Cruz aliondolewa katika orodha ya Marekani ya wanyama walio hatarini kutoweka.