Mfuata Mvua ni Nani? Kulisoma Suala la Utambulisho Kupitia Majina ya Wahusika

Swali la utambulisho linapotokea katika karatasi ya fasihi, majibu mengi huwa na umbo moja. Mtahiniwa huugawa ukurasa mara mbili: huku ukale, kule usasa, huku kijiji, kule mji. Kisha humpachika mhusika upande mmoja na kumhukumu. Aliyeshika mila ni mwema, aliyeziacha amepotoka. Jibu la aina hii halikosi alama kadhaa, lakini humwacha nje yule mhusika aliyekulia katikati: mama wa huku, baba wa kule, lugha ya nyumbani moja, ya jirani nyingine. Na mhusika huyo ndiye swali linamhusu.

Makala haya yanapendekeza njia nyepesi ya kumfikia. Usianze kwa kuuliza mhusika anafuata utamaduni upi. Uliza anaitwa nani, anaitwa hivyo na nani, na jina hilo linampa nini au linamnyima nini.

Hebu tutazame kwanza Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa kuanzia 2018 hadi 2022. Walimu wengi bado wanayo akilini, na kwa suala hili sijaona nyingine iliyo tajiri kuishinda. Ridhaa anapoingia shule akiwa mtoto, familia yake ikiwa imehamia Msitu wa Heri, wenzake wanamwita mfuata mvua. Watahiniwa huliorodhesha jina hili chini ya mbinu ya lakabu, wakalipatia alama moja, wakaendelea. Simama hapo kidogo. Mfuata mvua ni mtu aliyekuja kwa sababu kulinyesha. Kukikauka atarajiwe kuondoka. Watoto wale hawakulibuni neno hilo wenyewe. Wamelisikia nyumbani, mezani pa wazazi wao, na wamelibeba hadi uwanja wa shule kama mtoto anavyobeba kikohozi.

Ridhaa anakua, anasoma, anakuwa daktari, anawatibu watu wa pale. Kwa kipimo chochote cha haki, amekuwa wa pale. Lakini lakabu haikufutwa, ilinyamaza tu. Uongozi unapobadilika na vurugu kuzuka, nyumba yake inateketezwa na jamaa zake kufia humo, na mkono wa jirani, Mzee Kedi, umo. Mtahiniwa anayeandika juu ya ukabila katika riwaya hii aanzie uwanja wa shule, asianzie kwenye moto. Msomaji wa Kenya aliyeyaona ya mwanzoni mwa 2008 hahitaji kuelezwa zaidi.

Aidha, yuko Subira, mke wa Kaizari. Yeye si mtoto, lakini binti zake ni watoto. Kwa kuwa ametoka jamii ya Bamwezi, mama mkwe wake hamtaki, naye anaitwa muki, mtu wa kuja. Anavumilia, kisha anaondoka. Swali ambalo miongozo mingi hulipita ni hili: je, Mwanaheri na Lime ni nani? Ikiwa mama ni muki, nusu ya damu yao ni ya muki, na anayelisema neno hilo ni bibi yao mzaa baba. Mtoto aliyekulia kati ya jamii mbili hapati tusi lake moja kwa moja. Analipata kupitia kwa mama yake. Mwanaheri anawasimulia wenzake mkasa huo katika Shule ya Tangamano, na jina la shule hiyo ni majazi ambayo mtahiniwa asiiache, kwa sababu ndipo mahali watoto wale wanapoanza kujijua kwa kusikilizana badala ya kuulizana ukoo.

Sasa tuje kwa Kangata, na hapa nina deni la kulipa.

Kangata na mkewe Ndarine waliishi katika shamba la mwajiri wao, Kiriri. Baada ya muda familia ilichukua jina la mwenye shamba, hata watu wengi wakadhani ni wa ukoo wake. Ndiyo sababu mwanawe anaitwa Lunga Kiriri-Kangata. Wakati tulipokuwa tukiisoma riwaya hii, niliwapa wanafunzi wangu swali la alama 20 kuhusu kupotea kwa utambulisho. Mwanafunzi mmoja aliandika kwamba Kangata hakupoteza kitu: alivaa jina la Kiriri jinsi mtu anavyovaa koti la kuazima wakati wa mvua, na ndani ya koti alibaki yeye yule. Ushahidi wake ulikuwa ile alama ya kistari. Kama Kangata angekuwa amejikana, alisema, mwana angeitwa Lunga Kiriri tu. Mimi nilikuwa na mwongozo wangu wa kusahihisha mezani, na mwongozo ulisema Kangata ni kielelezo cha mtu aliyeiacha asili yake. Nikampa 7.

Alikuja na karatasi mkononi. Hakubishana. Aliniambia tu, "Mwalimu, jina letu la mwisho ni la tajiri aliyemwajiri babu. Sisi nyumbani tunajua sisi ni akina nani."

Nilirudi kwenye riwaya usiku ule. Mwanafunzi alikuwa ameisoma vizuri kuniliko. Nilibadilisha alama, ikawa 16. Walimu wenzangu, miongozo ya kusahihisha ni msaada mkubwa, hasa darasa likiwa na wanafunzi wengi, lakini hoja iliyothibitishwa kutoka matini haikosi uhalali kwa sababu mwandishi wa mwongozo hakuiwaza.

Tena, ukiifuata familia hii utaona Umulkheri, binti ya Lunga, anarithi jina lililoazimwa, kisha mama anaondoka, baba anafariki, ndugu zake wanaibwa, naye analelewa na Mwangeka na Apondi. Na Mwangeka ni mwana wa nani? Ni mwana wa Ridhaa, yule mfuata mvua. Kwamba mjukuu wa Kangata anapata makao kwa mwana wa mfuata mvua si jambo la kupita tu katika ploti. Mtahiniwa akilitaja akalieleza, amejibu swali la utambulisho kwa kiwango cha juu.

Katika kazi za Ken Walibora suala hili lina sura nyingine. Siku Njema, riwaya ya 1996, inamfuata kijana aliyelelewa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu, Zainabu Makame, na anayesafiri hadi Kitale kumtafuta baba. Anaitwa Kongowea Mswahili. Kongowea ni mtaa wa Mombasa. Kijana wa Tanga amebeba jina la mahali pa Kenya, na neno Mswahili linamtaja kwa lugha wala si kwa kabila. Mwandishi mwenyewe, aliyefariki 2020, alizaliwa katika ukoo wa Waliaula huko magharibi mwa Kenya. Neno aula katika Kiswahili lina maana ya bora, naye akajiita Walibora. Hilo si kujikana. Ni kulivusha jina upande wa pili bila kulimwaga. Katika hadithi yake "Damu Nyeusi", kwa upande mwingine, Fikirini anafika Marekani na kuona jina lake halina kazi kule. Rangi ndiyo inayomtangulia, na wale anaodhani ni ndugu kwa rangi ndio wanaomwibia.

Kwa watahiniwa wa sasa wanaosoma Nguu za Jadi, chukueni daftari mgawe Waketwa na Wakule, kisha mchunguze nani anamwita mwenzake nini, mbele ya nani, na neno hilo linarudi lini likiwa na madhara gani. Andikeni kurasa zilipo. Swali likija kuhusu ukabila, ndoa, ardhi au malezi, mtakuwa na ushahidi tayari, kwa kuwa katika vitabu hivi yote manne hupitia mdomoni mwa mtu anayemwita mwenzake jina.